Ritifaa Si Uchafu

Imezuka kauli moja katika ofisi zetu, na watu wameizoea kiasi kwamba haimshtui tena yeyote. Mtu anapeleka jina lake liandikwe. Jina lina ritifaa ndani yake, ile alama ndogo inayokaa juu baada ya ng, kama katika neno ng'ombe. Kijana aliyeko kwenye kibodi anatazama karatasi, anatabasamu kwa adabu, kisha anasema: "Mzee wangu, kompyuta haitaki hiyo alama." Akija mwingine mwenye jina la maneno mawili, anaambiwa kompyuta haitaki nafasi. Basi ritifaa inafutwa, nafasi inazibwa, jina linatoka likiwa jingine, na mwenye jina anashukuru na kwenda zake.

Nakusudia kuipinga kauli hiyo. Kompyuta haina kutaka wala kukataa. Anayetaka na kukataa ni binadamu aliyeiandikia amri, na mara nyingi aliiandika kwa haraka, akaacha kufunga kile kilichopaswa kufungwa. Kosa ni lake, lakini adhabu inamwangukia mwenye jina. Hilo ndilo shauri langu katika kurasa hizi, na nitalithibitisha kwa kuonyesha amri zenyewe, ili hata msomaji ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta ajionee mahali ambapo jina linapotea.

Naandika kutoka Kinampanda, wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Hapa ni mahali pa walimu. Chuo cha ualimu kimekaa hapa miaka mingi, na waliopita humo wametawanyika kufundisha watoto kusoma na kuandika. Kwa hiyo huku suala la tahajia si la mzaha. Mtoto akiandika "ngombe" bila ritifaa, mwalimu anamkata alama kwa kalamu nyekundu, na anafanya vyema. Lakini mwalimu huyo huyo jioni anaketi kujaza orodha ya darasa lake kwenye kompyuta, na kwa kuwa ameelekezwa hivyo, anaziondoa ritifaa zote katika majina ya watoto wale wale aliowaadhibu asubuhi. Je, somo ni lipi hapo, la asubuhi au la jioni?

Tuelewane kwanza kuhusu alama yenyewe. Ritifaa ya ng' si pambo, wala si kituo cha kupumzikia kama mkato. Ni sehemu ya herufi. Kung'oa ni kuutoa mti na mizizi yake. Ngoa ni tamaa au wivu. Kung'ara ni kutoa nuru. Ngara ni wilaya mkoani Kagera. Tahajia sanifu, ambayo Kamati ya Lugha ilianza kuisimamia mwaka 1930, inaiandika sauti hiyo kwa ritifaa hadi leo. Na ramani yetu imejaa alama hiyo. Hapa mkoani petu ipo Mang'onyi, wilaya ya Ikungi. Mkoani Geita iko Nyang'hwale, mkoani Njombe iko Wanging'ombe, na Unguja iko Ng'ambo. Nyang'hwale na Wanging'ombe zilifanywa wilaya mwaka 2012, wakati kompyuta zilikwisha kuenea maofisini, na waliozitangaza hawakuomba ruhusa kwa mashine.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutunga mfumo endeshi ulioitwa Unix. Mwaka 1991 ukazaliwa Linux, unaofuata desturi za Unix, na leo sehemu kubwa ya kompyuta kubwa zinazohudumia intaneti duniani zinaendeshwa na Linux. Ndani ya mifumo hii kuna programu iitwayo sheli. Msomaji asidhani nazungumzia kituo cha mafuta, ingawa mtaani neno ni hilo hilo. Sheli hii ni tarishi. Unamwandikia mstari wa maneno, anausoma, anaukata vipande, kisha anaipelekea programu husika vipande hivyo. Ukimwandikia mistari mingi katika faili ili aitekeleze mwenyewe hata ukiwa umelala, faili hiyo huitwa skripti. Skripti ndizo zinazohamisha orodha kutoka kompyuta moja hadi nyingine, zinazotunza nakala za akiba usiku, na zinazofuta mafaili ya zamani. Mwenye jina hazioni kamwe, lakini jina lake linapita mikononi mwao.

Tarishi huyu ana tabia mbili ambazo lazima zijulikane. Ya kwanza, nafasi kwake ni kisu: kila penye nafasi ndipo neno linapokatwa. Ya pili, ritifaa kwake ni mlango: ya kwanza inafungua, inayofuata inafunga, na kilichomo kati ya milango hiyo hakikatwi wala hakitafsiriwi. Tabia hizi zilikuwamo katika sheli ya Stephen Bourne iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na zimo katika bash, sheli ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989 na ambayo bado inatumika kila mahali.

Mwandikie basi tarishi huyu amri ya echo, ambayo maana yake ni "rudia nilichokuambia":

echo ng'ombe

Hatarudia kitu. Atakuonyesha alama ya > na kukaa kimya, akingoja. Ameona ritifaa, akadhani umefungua mlango, sasa anangoja uufunge. Wapo wanaofikiri hapo kwamba mashine imekufa, wakaizima kwa nguvu. Hapa ndipo kauli ya "kompyuta haitaki" inapozaliwa. Lakini huko kukwama ni heri, kwa sababu mtu anajua kwamba kuna tatizo. Tazama hii ya pili:

echo ng'ombe wa ng'ambo

Safari hii tarishi anajibu upesi, bila wasiwasi wowote:

ngombe wa ngambo

Ritifaa zilikuwa mbili. Ya kwanza ikafungua, ya pili ikafunga, na kwa kuwa milango si sehemu ya bidhaa, zote mbili zikatupwa. Hakuna onyo lililotolewa. Mstari umetoka safi, umenyooka, nao ni makosa matupu. Huu ndio ubaya ninaouogopa zaidi: jina linalopotea bila kelele. Na dawa yake ni ndogo mno kwa ugonjwa wa namna hii. Weka alama za fungua semi na funga semi, zile ambazo mtoto wa shule ya msingi anazijua:

echo "ng'ombe wa ng'ambo"

Kila kitu kinatoka kama kilivyoingia. Ndiyo kusema kwamba kompyuta ilikuwa inaitaka ritifaa siku zote. Iliyokosekana ni adabu ya kuifungia.

Jambo la pili ni nafasi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sheli ina kitu kinachoitwa kigeu. Kichukulie kama kibuyu chenye jina: leo unatia uji, kesho maziwa, lakini unakiita kwa jina lake lile lile. Ukitaka kilichomo, unatanguliza alama ya dola mbele ya jina la kibuyu. Tutie humo jina la jiji letu kubwa, kisha tuamuru litengenezewe folda:

mji="Dar es Salaam"
mkdir $mji

Unategemea folda moja. Unapata tatu: moja inaitwa Dar, ya pili es, ya tatu Salaam. Tarishi alikimimina kibuyu kwanza, kisha akapitisha kisu chake juu ya kilichomwagika. Sasa weka rm mahali pa mkdir, yaani badala ya kutengeneza, futa. Skripti itaacha folda ya Dar es Salaam salama salimini, na itakwenda kufuta faili ya mtu mwingine asiyehusika, ilimradi inaitwa Dar. Dawa ni ile ile:

mkdir "$mji"

Alama mbili tu. Aliyeziacha hawezi kulilaumu jiji kwa kuwa na jina refu.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusifunge kwa ritifaa zenyewe, kama sheli inavyoruhusu? Kwa sababu ritifaa hufunga mno. Ukiandika '$mji' kati ya ritifaa mbili, tarishi hatakifungua kibuyu kabisa. Atakupa folda yenye jina la dola na mji, kana kwamba umetuma mtu akuletee maziwa akakuletea neno "maziwa" kwenye karatasi. Alama za fungua semi na funga semi zinaruhusu kibuyu kifunguliwe, lakini zinazuia kisu. Tofauti hiyo ni somo la nusu saa. Nasisitiza muda huo kwa sababu tunaambiwa hakuna muda.

Na sasa nitaje jambo ambalo linawaumbua kabisa wanaosema kompyuta haitaki ritifaa. Ukilitia jina Nyang'hwale katika kigeu kwa njia sahihi, kisha ukakisahau kukifungia alama, ritifaa yake haidhuriki. Sheli hailichunguzi tena neno lililotoka ndani ya kigeu kutafuta milango. Nafasi ndiyo inayokatwa hapo, na alama ya nyota, kama nitakavyoeleza. Ritifaa inapita salama. Inadhurika tu pale mtu anapoiandika wazi katika amri, au anapoipeleka kwa programu kama xargs, ambayo kazi yake ni kugawa orodha kwa amri nyingine na ambayo nayo huisoma ritifaa kama mlango. Hata hiyo imepewa namna ya kuambiwa iache. Kwa hiyo yule anayefuta ritifaa zote kabla ya kuanza, ati kwa usalama, anatibu mguu wa kushoto wakati kidonda kiko kulia.

Niseme juu ya nyota. Huku kwetu mwalimu akitaka kukumbuka kwamba mwanafunzi amehama, huweka nyota pembeni ya jina. Ni desturi ya zamani ya daftari. Lakini nyota kwa sheli maana yake ni "mafaili yote yaliyomo humu". Kigeu chenye maneno "* amehama" ukikitoa kwa echo bila alama, utaletewa majina ya kila faili iliyomo katika folda hiyo, na mwishoni neno "amehama". Vivyo hivyo orodha ya majina arobaini yaliyopangwa mstari kwa mstari: itoe kwa echo bila kuifungia, nayo inatoka kama mstari mmoja mrefu, kwa kuwa kisu hukata penye mwisho wa mstari kama kinavyokata penye nafasi, na echo huviunga vipande kwa nafasi moja moja. Mtu akiona hivyo hudhani faili imeharibika. Faili ni nzima. Kilichoharibika ni usemi wake.

Tena echo mwenyewe si shahidi wa kutegemewa. Ukimpa neno -n, sheli nyingi hazitaliandika. Zitalichukua kama agizo la kutoruka mstari. Ukimpa alama ya mkwaju wa nyuma na n, bash kwa kawaida inaiandika kama ilivyo, lakini dash, sheli ndogo ambayo Ubuntu ilianza kuitumia kwa skripti za mfumo mwaka 2006, inaigeuza kuwa mstari mpya. Kwa hiyo skripti moja inasema maneno mawili tofauti katika nyumba mbili. Wanaojua kazi hutumia printf, wakaandika hivi:

printf '%s\n' "$jina"

Ni mrefu kidogo, lakini unasema kile kile popote unapopelekwa.

Asidhani mtu kwamba nazungumzia ajali za vijijini. Novemba 2001 kampuni ya Apple ilitoa iTunes 2.0 kwa ajili ya Mac OS X. Skripti ya kuisakinisha ilikuwa na jina la diski ambalo halikufungiwa alama. Wateja wengine walikuwa wamezipa diski zao majina yenye nafasi, na kwao skripti ikafuta vitu ambavyo haikutumwa kufuta. Kampuni ililazimika kuiondoa haraka na kutoa toleo la 2.0.1. Je, baada ya hapo wateja wa Marekani walikatazwa kuweka nafasi katika majina ya diski zao? La hasha. Skripti ndiyo iliyorekebishwa. Nauliza basi: kwa nini kule lilirekebishwa andiko la fundi, na huku linarekebishwa jina la raia?

Kwa haki niseme pia kwamba waliotunga sheli hawakutukusudia sisi. Ritifaa yao inawasumbua hata watu wenye asili ya Ireland, akina O'Brien na O'Neill, ambao nao hukatwa majina kila siku. Wala si kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mwaka 1990 Paul Falstad alitoa sheli iitwayo zsh, ambayo kwa desturi yake haikikati kigeu penye nafasi hata kama hukukifungia alama, na tangu mwaka 2019 Apple imeifanya hiyo kuwa sheli ya kawaida ya kompyuta zake. Maana yake ni kwamba kisu kile ni uamuzi wa watu wa wakati fulani, uliobaki kwa sababu skripti nyingi za zamani zinautegemea. Uamuzi wa watu unaweza kujulikana, na ukijulikana unaweza kuepukwa.

Nimalizie uchunguzi huu kwa lakabu. Sheli inamruhusu mtu kuipa amri jina la mkato au kuibadili tabia. Mathalani, amri ya kufuta, rm, haiulizi, inafuta tu. Basi mtu mwangalifu hujiwekea lakabu kwamba kila atakapoandika rm, isomeke rm -i, yaani uliza kwanza. Ipo mifumo ya Linux inayomwekea msimamizi lakabu hiyo tangu siku ya kwanza. Anaizoea. Anaandika rm, anaulizwa, anajibu. Miaka inapita, naye anaamini kwamba rm ni amri yenye huruma. Kisha siku moja anaiandika ndani ya skripti. Bash, inapotekeleza skripti, haizifuati lakabu isipoamriwa waziwazi. Hakuna swali linaloulizwa. Mafaili yanakwenda.

Lakabu ni jina la nyumbani. Mtoto anayeitwa Kadogo na bibi yake hawezi kutumwa kwa jina hilo kwa mkuu wa shule, huko halijulikani. Skripti ni safari ya kutoka nje ya nyumba, na wa kusafiri nao ni amri kwa majina na maagizo yake kamili. Naona ajabu kwamba mafundi wanaojua hivyo vizuri kuhusu amri zao, kwamba jina kamili ndilo linalofanya kazi mbali na nyumbani, ndio hao hao wanaotupunguzia majina yetu kuwa lakabu na kuyapeleka hivyo serikalini.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba kufuta alama ni rahisi kuliko kufundisha watu. Ni kweli ni rahisi kwa anayefuta. Lakini gharama haijaondoka, imehamishwa. Huku kwetu yuko binti mmoja ambaye jina la babu yake lina ng' katikati. Cheti chake cha kuzaliwa kina ritifaa. Shuleni aliandikishwa bila ritifaa. Ofisi nyingine, ambayo sitaitaja, iliweka nafasi mahali pa ritifaa, ikalivunja jina moja kuwa mawili. Alipotakiwa kuonyesha karatasi zote tatu kwa pamoja, akaambiwa hazimhusu mtu mmoja. Ikabidi atafute wakili, ale kiapo kwamba yeye ni yeye, alipe ada, na baba yake auze alizeti kabla ya bei kupanda ili apate nauli. Alama mbili ambazo fundi fulani hakuziandika zimelipiwa kwa debe za alizeti. Atakayesema hilo ni jambo dogo, na aje aseme mbele ya mzee huyo.

Jibu la pili ni kwamba hata wataalamu wakubwa hushauri majina ya faili yasiwe na nafasi wala alama. Nakubali, na mimi mwenyewe faili zangu naziita kwa majina mafupi yenye kistari. Lakini faili ni yangu, nami ndiye niliyeipa jina. Mtu si faili. Jina la babu wa yule binti lilikuwapo kabla ya Unix, na haliko chini ya ushauri huo. Kuchukua kanuni ya kuzipa majina chupa za dukani na kuitumia kuwabatiza upya wenye duka ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana.

La tatu ndilo zito kidogo. Wanasema: hata tukiiruhusu ritifaa, watu wataiandika kwa namna mbalimbali. Ni kweli. Ritifaa iliyo kwenye kibodi ni alama ya 39 katika orodha ya ASCII iliyotolewa mwaka 1963, nayo imesimama wima. Lakini programu nyingi za kuandikia barua huigeuza kimyakimya kuwa alama iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwa hii halipatikani ukilitafuta kwa ile. Hilo ni tatizo halisi, lakini suluhisho lake ni kuamua moja na kuigeuza nyingine ifanane nayo wakati wa kupokea, kazi ambayo skripti ya mstari mmoja inaiweza. Watu wakiandika "shekhe" na "sheikh", hatuamui kwamba tangu leo hakuna mashekhe.

Nadai nini basi? Sidai mitambo mipya wala fedha za wafadhili. Kwanza, kila anayefundishwa sheli, awe chuoni au katika kozi fupi ya wiki mbili, afundishwe siku ya kwanza kabisa kwamba kigeu hufungiwa alama, na kwamba kukiacha wazi ni jambo linalohitaji sababu. Leo inafundishwa kinyume: kukiacha wazi ndiyo desturi, na kufunga ni dawa anayopewa mtu baada ya kuumia. Pili, hakuna skripti ipewe kazi ya kushika majina ya watu kabla haijajaribiwa kwa Nyang'hwale, Wanging'ombe, Dar es Salaam na Mto wa Mbu. Ikishindwa majina hayo manne, imeshindwa Tanzania. Tatu, ipo programu ya bure iitwayo ShellCheck, inayosoma skripti na kuonyesha kila kigeu kilichoachwa wazi. Itumike, kama vile mwalimu anavyosahihisha insha kabla haijasomwa mbele ya darasa. Nne, fundi asiyejua asema kwamba hajui. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuisingizia mashine.

Hili la nne ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa kuwa linahusu namna tunavyosemezana. "Kompyuta haitaki" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Haina wa kuulizwa, haina wa kurekebisha, na anayeisikia hana la kufanya ila kuinamisha kichwa. Tumewahi kuwa na sentensi za namna hiyo kabla ya kompyuta: "imeamuliwa", "imeagizwa kutoka juu", "faili halionekani". Tulijifunza polepole kuuliza: na nani? lini? limewekwa wapi? Sasa sentensi ile imerudi ikiwa imevaa nguo mpya, na kwa kuwa nguo hizo ni za kitaalamu, tumenyamaza tena.

Tusinyamaze. Ukiambiwa kompyuta haitaki ritifaa yako, mwombe kijana kwa upole aandike jina lako kati ya fungua semi na funga semi, mwone pamoja kinachotokea. Na ikiwa programu aliyopewa haimruhusu, mwambie aandike hivyo kwenye karatasi na kuipeleka kwa aliyeitengeneza: kwamba programu hii haiwezi kuandika jina la raia, nayo irekebishwe. Maneno hayo ni marefu kuliko "kompyuta haitaki", lakini yana mtu ndani yake, na mtu anaweza kusahihishwa.